Askari magereza akimtesa mfungwa: jinsi ya kumdai mwajiri wake

Watu wanaokuja kuniomba msaada baada ya ndugu yao kupigwa gerezani huwa wameshika jina moja tu, la askari. Wanataka afukuzwe, afungwe, aonje naye. Nawaelewa. Lakini askari huyo ana mshahara unaoisha kabla ya mwezi, ana mkopo, na akifukuzwa hata huo mshahara haupo. Ukimshtaki peke yake kwa madai ukashinda, utabaki na hukumu nzuri ya kutundika ukutani. Mwenye uwezo wa kulipa, na wa kubadilisha mambo yaliyomfanya askari yule ajione mungu mdogo, ni yule aliyemkabidhi funguo: idara, wizara, au kampuni inayoendesha gereza.

Huu ni mwongozo wa kumfikia huyo mwenye funguo. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, na kazi yangu kubwa ni kupanga karatasi ili wakili akizipokea asianze kwa kukuna kichwa. Sheria inatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo panapohusu nchi fulani nitaitaja.

Hatua ya kwanza: uwahi mwili kabla haujapona

Alama za kipigo hazingoji mahakama. Uvimbe unashuka, jeraha linafunga, na baada ya wiki mbili daktari wa serikali ataandika kwa dhati kabisa kwamba hakuona kitu. Kwa hiyo kabla ya wakili, kabla ya waandishi wa habari, tafuta uchunguzi wa daktari. Ikiwa mtu bado yuko ndani, ombeni kwa maandishi achunguzwe, na mtaje sababu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa upya mwaka 2015 na kuitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinamtaka mhudumu wa afya wa gereza akiona dalili za mateso aziandike na kuziripoti kwa mamlaka husika (kanuni ya 34; kila nitakapotaja kanuni kwa namba, ni hizi). Itajeni kanuni hiyo kwenye barua. Hata kama gereza halitajali, barua yenyewe tayari ni ushahidi kwamba walijulishwa.

Mwambieni daktari kilichofanyika, msimwachie abahatishe. Kipigo cha nyayo kinaweza kisiache alama ya maana juu ya ngozi, lakini mtu atatembea kwa kukanyaga pembeni mwa mguu. Pingu zilizokazwa mno huacha ganzi nyuma ya mkono, upande wa kidole gumba, ganzi inayoweza kukaa miezi. Kwenye ngozi nyeusi damu iliyovilia chini ya ngozi haionekani kirahisi kwenye picha, kwa hiyo daktari apapase na aandike wapi pana uvimbe, wapi panauma, upana wake sentimita ngapi. Upo mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza mateso, Itifaki ya Istanbul, uliokamilishwa 1999 na kuhuishwa 2022. Unamtaka daktari aseme ni kwa kiasi gani majeraha yanaafikiana na maelezo ya aliyeumizwa. Sentensi hiyo moja, kwamba majeraha yanaafikiana sana na maelezo, inafanya kazi kuliko kurasa tatu za vipimo. Muombe daktari aiandike.

Kwa Tanzania chukueni fomu ya PF3, kwa Kenya fomu ya P3, na mbaki na nakala. Picha zipigwe mchana, sarafu au rula ikiwa kando ya jeraha, kisha zirudiwe siku ya tatu na ya saba, maana rangi ya damu iliyovilia inabadilika na mabadiliko hayo yanasaidia kuonyesha kwamba jeraha ni jipya.

Na nguo. Mama mmoja aliniletea shati la mwanawe ndani ya mfuko wa plastiki, kalifunga vizuri kabisa kwa upendo, kaliweka kabatini miezi mitatu. Nilipofungua lilikuwa limeota ukungu, na damu iliyokuwa begani haikuwa na faida tena kwa maabara yoyote. Nguo yenye damu isifuliwe, ikaushwe kivulini, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, juu yake yaandikwe tarehe, jina la aliyeiokota na mahali ilipopatikana.

Akiwa amefariki, msizike kwanza. Najua lilivyo gumu neno hili kwa familia iliyokwisha kusanyika. Lakini kanuni ya 71 inalitaka gereza liripoti kifo mara moja kwa mamlaka ya mahakama au nyingine iliyo huru na mkuu wa gereza, bila kujali uchunguzi wa ndani, na familia ina kila sababu ya kuomba daktari wake ashuhudie upasuaji wa maiti. Mkishazika, kufukua kunahitaji amri ya mahakama, na mnarudi kwenye msiba upya.

Hatua ya pili: lalamika ndani ya gereza, hata kama unajua hawatafanya kitu

Hapa ndipo watu wanapoteza kesi bila kujua. "Nilalamike kwa nani, kwa hao hao?" Ndiyo, kwa hao hao, na kwa maandishi. Kwanza kwa sababu baadhi ya nchi zinalazimisha. Marekani ina sheria ya mwaka 1996 inayomzuia mfungwa kufungua kesi ya shirikisho kuhusu mambo ya gerezani kabla hajamaliza ngazi zote za malalamiko ya ndani, na kesi nyingi mno zimetupwa kwa sababu mtu alichelewa kujaza fomu kwa siku chache. (Mahakama ya Juu ya huko ilifafanua 2016 kwamba ngazi ambayo haipatikani kiukweli, kwa mfano kwa sababu ya vitisho, si lazima kuipanda. Sasa wewe ndiye unayeonyesha kwamba haikupatikana.)

Sababu ya pili ndiyo naipenda zaidi. Kila lalamiko lililopokelewa ni msumari kwenye kesi dhidi ya mwajiri. Likija swali, "Je, mlijua askari huyu ni mkatili?", hutajibu kwa maneno bali kwa barua yenye mhuri.

Kama mfungwa anaogopa, na mara nyingi ana haki ya kuogopa, kanuni ya 56 inaruhusu ndugu wa familia kulalamika kwa niaba yake pale yeye mwenyewe na wakili wake wanaposhindwa. Nendeni wawili. Mkifika mapokezi, ombeni nakala yenu igongwe mhuri. Mazungumzo huwa hivi:

"Afande, tumeleta barua ya mkuu wa gereza."

"Iacheni hapo mezani, atapewa."

"Sawa afande. Tunaomba utusainie nakala yetu, na namba ya jalada ikiwepo."

Akikataa, msibishane. Tumeni barua ile ile kwa rejesta ya posta, na nyuma ya nakala yenu andikeni siku, saa, na namba ya kifuani ya askari aliyekataa. Kisha nakala nyingine iende kwa tume ya haki za binadamu ya nchi yenu.

Hatua ya tatu: hesabu siku kabla ya kuhesabu fedha

Serikali inapokuwa mdaiwa, muda unakuwa mfupi na milango inakuwa na masharti. Kosa la muda haliponi kwa ushahidi mzuri.

Tanzania, sheria ya mashauri dhidi ya serikali inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, kesi ifunguliwe Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Ukomo wa madai ya aina hii ni miaka 3. Kenya ni kali zaidi: madai ya madhara dhidi ya serikali yafunguliwe ndani ya miezi 12. Kulikuwa pia na sharti la notisi ya siku 30, na Mahakama Kuu ilisema 2012 kwamba linakiuka haki ya kufikia mahakama, lakini mimi bado ningeipeleka notisi hiyo, haigharimu kitu. Aliyechelewa huko anaweza kufikiria ombi la kikatiba kwa kukiukwa haki ya kutoteswa. Mlango huo hauna kipimo hicho cha miezi 12, ila ucheleweshaji utaulizwa na lazima uwe na maelezo.

Afrika Kusini, notisi kwa chombo cha dola itolewe ndani ya miezi 6. Uingereza, madai ya kuumizwa mwili ni miaka 3 na hakimu anaweza kuurefusha, lakini dai linaloegemea sheria ya haki za binadamu ni mwaka 1. Marekani, kama ni gereza la shirikisho, dai lipelekwe kwanza kwa idara husika ndani ya miaka 2.

Andika tarehe ya tukio juu ya jalada kwa kalamu nyekundu. Chini yake andika tarehe ya mwisho. Nimeona mawakili wazuri wakisahau.

Hatua ya nne: jua hasa mwajiri ni nani

Swali linaonekana la kitoto mpaka uanze kulijibu. Sare haitoshi. Huenda gereza ni la serikali, walinzi ni wa kampuni, zahanati ina mkandarasi wake, na gari la kuwapeleka mahabusu mahakamani lina mkandarasi mwingine tena. Kwa gereza la serikali anayeshtakiwa kwa kawaida si gereza lenyewe, maana gereza halina nafsi kisheria. Tanzania na Kenya ni Mwanasheria Mkuu, pamoja na mkuu wa magereza inapohitajika. Afrika Kusini ni waziri wa magereza. Uingereza siku hizi ni Wizara ya Sheria, ingawa kesi za zamani utaona zinaitaja Wizara ya Mambo ya Ndani.

Palipo na kampuni, shtaki zote mbili, kampuni na serikali. Kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, na wakinyoosheana watatoa nyaraka ambazo usingezipata kwa kuomba. Hoja dhidi ya serikali ni kwamba ndiyo iliyomfunga mtu, na wajibu wa kumlinda uliozaliwa hapo hauwezi kuukabidhi kwa mkataba kisha ikanawa mikono. Si kila mahakama imeikubali kwa upana huo. Iwekeni hata hivyo.

Mwongeze na askari mwenyewe kama mdaiwa. Si kwa ajili ya fedha. Akiwa ndani ya kesi lazima ajitetee, na utetezi wake wa kawaida, "niliagizwa" au "ndivyo tunavyofanya siku zote", ni zawadi kwako.

Na nyapara je? Magereza mengi yana mfungwa aliyepewa madaraka juu ya wenzake, na kipigo kinatoka kwake huku askari akiangalia pembeni. Mwajiri atasema huyo si mwajiriwa wetu. Mkumbusheni wakili kesi ya Cox dhidi ya Wizara ya Sheria, Mahakama ya Juu ya Uingereza, 2016. Mfungwa aliyekuwa akifanya kazi jikoni gerezani alimwangushia gunia mgongoni meneja wa jiko, na wizara ikawajibika kwa uzembe wake, kana kwamba ni mwajiriwa. Mahakama iliangalia kazi ilifanywa kwa ajili ya nani na nani aliipanga, ikaacha suala la mkataba wa ajira. Kile ni uzembe na hiki ni kipigo, kwa hiyo haifanani moja kwa moja, ila nyapara aliyeteuliwa na gereza kulinda nidhamu anaweza kusemewa hivyo hivyo.

Hatua ya tano: unganisha kitendo na kazi

Hapa ndipo kesi inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni ya zamani inasema mwajiri hubeba makosa ya mwajiriwa aliyoyafanya akiwa kazini. Mwajiri atajibu kwa sentensi moja ambayo utaisikia katika kila nchi na kila lugha: "Hatukumwajiri kupiga watu." Inasikika kama hoja. Hakuna mwajiri aliyemwajiri mtu kupiga, kubaka wala kuiba. Kama jibu hilo lingetosha, mwajiri angewajibika kwa makosa madogo tu, na kadiri unyama unavyozidi ndivyo naye angezidi kuwa huru.

Mahakama nyingi zimeliona hilo. Mwaka 1994, katika kesi ya Racz dhidi ya Home Office (Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza), mfungwa alidai askari walimtesa kwa makusudi na chuki. Wizara iliomba sehemu hiyo ya madai ifutwe, ikisema ukatili wa makusudi hauwezi kuwa kazi yake. House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ikakataa kuifuta: swali ni kama askari walikuwa wakitumia vibaya madaraka waliyopewa, au walikuwa kwenye jambo lao binafsi lisilogusana kabisa na kazi, na hilo linaamuliwa kwa ushahidi. Mwaka 2001 ikaja Lister dhidi ya Hesley Hall, iliyomhusu msimamizi wa bweni aliyewadhalilisha watoto aliokabidhiwa awalee. Wenye shule waliwajibika, kwa kuwa uovu ule ulikuwa umeshikamana kwa karibu na kazi ya kulea waliyompa. Mahakama ya Juu ya Canada ilikuwa imeshafika huko 1999, ikiuliza kama mwajiri ndiye aliyeiumba hatari yenyewe kwa kumpa mtu madaraka juu ya mnyonge.

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya K, mwaka 2005. Polisi watatu, wakiwa zamu na sare, walimpa lifti mwanamke aliyekwama usiku, wakambaka. Mahakama ilisema pale pale walipokuwa wakitenda uhalifu walikuwa pia wakiacha kutimiza wajibu wa kumlinda. Kitendo kimoja, nyuso mbili: upande huu ni tamaa yao, upande wa pili ni kazi ya serikali iliyoachwa kufanywa. Waziri akawajibika. Kwa gereza hoja hii inafaa kuliko mahali popote, maana askari magereza hayuko hata sekunde moja ya zamu yake bila wajibu wa kumlinda mfungwa.

Sasa kwa vitendo. Usiandike kwenye maelezo "askari alimpiga marehemu kikatili". Andika funguo. Nani alifungua mlango wa seli, kwa ufunguo wa nani? Saa ngapi, na zamu ilikuwa ya nani? Kwa nini mfungwa alikuwa peke yake pale? Mfungwa alitii amri gani mpaka akafika chumba kisicho na kamera? Rungu lilitoka stoo gani? Askari alisema nini wakati anapiga, "utajua hapa ni jela" au alitaja deni la kibinafsi? Kila jibu linalopitia kwenye madaraka ya kazi ni uzi unaomfunga mwajiri. Likitoka nje ya madaraka, kwa mfano ugomvi wa ardhi ya kijijini uliomfuata mfungwa ndani, uzi unalegea, lakini haukatiki: bila kazi ile, asingempata adui yake akiwa amefungiwa, hana pa kukimbilia. Kesi za Uingereza za karibuni, 2020 na 2023, zimeonya kwamba nafasi tupu ya kutenda kosa haitoshi, lazima kuwe na ukaribu na kazi yenyewe. Basi onyesha kazi, usiishie kwenye nafasi.

Jambo la unyanyasaji wa kingono linahitaji neno lake. Mtaambiwa walikubaliana, alipewa sigara, alipewa simu. Mtu asiyeweza kuondoka chumbani hana ridhaa ya kumpa mwenye funguo, na nchi kadhaa zimeandika hivyo katika sheria zao za jinai. Kanuni ya 81 inataka wanawake wasimamiwe na askari wanawake, na askari mwanamume asiingie sehemu yao bila kufuatana na askari mwanamke. Kama mwanamume aliingia peke yake, huo si ukorofi wake tu. Kuna mtu alipanga zamu ile.

Hatua ya sita: mshike mwajiri kwa makosa yake mwenyewe

Usitegemee njia moja. Kando ya kubeba kosa la askari, mwajiri ana makosa yake: kuajiri bila kuchunguza, kutofundisha, kumrudisha kazini aliyekwisha kulalamikiwa, kuacha askari 2 walinde wafungwa 200, kuficha.

Marekani njia hii ndiyo hasa inayofanya kazi dhidi ya kaunti na miji. Tangu uamuzi wa Monell, 1978, huwezi kuibebesha kaunti kosa la mlinzi wa jela katika kesi ya haki za kiraia kwa sababu tu ni mwajiri wake. Lazima uonyeshe sera au mazoea yaliyosababisha. Kwa magereza ya shirikisho kuna mlango tofauti: 2013 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba serikali inaweza kudaiwa kwa makosa ya makusudi ya askari magereza waliyoyafanya ndani ya kazi yao.

Afrika Kusini tena, 2012: mfungwa wa Pollsmoor aliambukizwa kifua kikuu gerezani. Hakuna aliyempiga. Mahakama ya Katiba iliiwajibisha wizara kwa kutokuwa na mfumo wa maana wa kuzuia maambukizi, ingawa hakuna aliyeweza kumtaja mgonjwa aliyemwambukiza. Jifunzeni hapo kwamba hamlazimiki kumtambua askari kwa sura. Kama walikuwa wanane wamevaa kofia ngumu, mfumo uliowaficha nyuso ndio mdaiwa.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ina msimamo wa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, kwamba mtu akiingia kizuizini mzima akatoka na majeraha, dola ndiyo itoe maelezo yenye kuaminika. Hata nchi isiyofungwa na mahakama hiyo, hakimu anaweza kuvutwa na mantiki yake. Hivyo tafuta ushahidi kwamba aliingia mzima: picha ya siku ya kukamatwa, fomu ya afya ya kuingilia, ndugu aliyemwona mahakamani asubuhi ile akitembea.

Hatua ya saba: karatasi zao

Mapema kabisa, mpelekee mwajiri barua ya kumtaka asiharibu ushahidi. Itaje kamera kwanza, maana mashine nyingi hufuta picha zenyewe baada ya wiki chache. Kisha daftari la zamu, daftari la matukio, rejesta ya funguo, rejesta ya silaha na marungu, daftari la zahanati, jalada la mfungwa, jalada la nidhamu la askari, malalamiko yote dhidi yake, na ripoti ya matumizi ya nguvu. Hiyo ya mwisho ina uzito. Kanuni ya 82 inaruhusu nguvu kwa kujitetea, kuzuia kutoroka, au kukabili upinzani tu, na askari aliyeitumia lazima aripoti mara moja kwa mkuu wa gereza. Ripoti isipokuwepo, amevunja kanuni. Ikiwepo, ilinganisheni na majeraha.

Mkiletewa madaftari, msisome maneno tu, angalieni wino. Niliwahi kukaa na daftari la zamu la gereza moja ambalo kurasa zake zote zilikuwa mchanganyiko wa kalamu, buluu, nyeusi, nyingine inakwaruza, kila zamu na mwandiko wake. Halafu siku nne, kuanzia mkesha wa tukio, kalamu moja, mkono mmoja, mistari imenyooka kama ya mwanafunzi anayenakili. Kwenye zahanati, siku hiyo hiyo, mgonjwa "aliteleza bafuni". Mbavu tatu, pande zote mbili, kwa kuteleza mara moja. Wakili hakuhitaji kusema mengi.

Mashahidi wafungwa watahamishwa, watatoka, watatishwa. Chukueni viapo vyao mapema, kila mmoja peke yake, kwa maneno yake. Viapo vitano vyenye sentensi zinazofanana vinanuka.

Hatua ya nane: jiandae kwa majibu yao

"Askari aliachiwa huru kwenye kesi ya jinai." Haikuui. Jinai inadai uthibitisho usioacha shaka, madai yanapimwa kwa upande upi unaelekea zaidi kuwa kweli. "Mfungwa alianza fujo." Basi nguvu ilipaswa kukoma fujo ilipokoma, hesabu mapigo ya baada ya pingu. "Alikiuka kanuni zetu za maandishi." Kanuni kabatini si usimamizi. Waulize mafunzo yalifanyika lini na nani alisaini mahudhurio.

Kisasi ndicho kinachonitisha kuliko utetezi wowote. Ombeni mahakamani amri ya muda: mfungwa ahamishwe kwa hiari yake, askari waliotajwa wasimsimamie, daktari amwone kila wiki. Na ndugu mumtembelee kwa zamu, kila siku ya kutembelewa, bila kukosa. Mfungwa anayetembelewa hapigwi kirahisi.

Hatua ya tisa: fidia, na kuipata mkononi

Dai lioneshe vitu: risiti za matibabu, kipato kilichopotea, maumivu, ulemavu, msongo wa akili uliothibitishwa na mtaalamu, na fidia ya kuadhibu pale sheria inaporuhusu. Kwa marehemu, mdai awe na barua za usimamizi wa mirathi kabla ya kufungua. Ombeni pia yasiyo fedha: tamko kwamba haki ilikiukwa, kamera, uchunguzi dhidi ya waliosimamia zamu.

Kushinda hakumaanishi kulipwa. Tanzania na Kenya huwezi kukamata magari ya serikali ukayapiga mnada. Kenya unachukua cheti cha amri dhidi ya serikali, ukikipeleka wakakaa kimya unarudi mahakamani kuomba afisa wa uhasibu aamriwe kulipa. Inaweza kuchukua miaka. Ndiyo maana wengi hukubali suluhu, na si aibu. Ila rasimu ya suluhu isomwe mstari kwa mstari, hasa kile kifungu kinachokutaka unyamaze milele, na kile kinachofuta madai dhidi ya "watumishi wote" kabla hata uchunguzi haujawataja. Tarehe ya malipo iandikwe kwa siku na mwezi, na riba ianze kuhesabiwa kesho yake.